Kilo za Maman Nsimire

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe mpaka kwenu mliosimama mlangoni!

Mimi ndiye waliyemwita Papa Kilo pale uwanja wa ndege wa Kavumu, nchi ilipokuwa bado Zaïre. Nilikuwa mpimaji wa kampuni ya ndege za bei rahisi. Tulianza na ndege moja kuukuu, halafu mbili, halafu tatu! Hata maman wa Luhwindja, asiyepanda lori bila kutapika, alipanda ndege kwenda Kindu na maharagwe yake. Jamani, tulivuma!

Kazi yangu ilikuwa kumpandisha kila abiria kwenye mizani pamoja na mizigo yake; kilo zikizidi, analipa zaidi. Maman anakuja amejifunga vitenge vitatu, na chini ya kila kitenge maharagwe. "Papa, unihurumie." Nami nacheka, naandika kilo sitini. Kila mtu alikuwa na kilo sitini! Wakanibariki, nikajiona mtakatifu.

Vipuri vikakosekana, ndege mbili zikalala majanini. Patron, mwenye kampuni, akataka ile iliyobaki ijazwe vizuri. Nikazidi kuandika sitini.

Ndugu zangu, asubuhi moja mke wangu, Maman Nsimire, akapanda mizani, anaenda Kindu kwenye matanga ya dada yake. Mkono wangu ukakataa kuandika. Niliyajua maharagwe ya wote waliomtangulia, kitenge kwa kitenge! Nikamkimbilia rubani, nikakiri mbele ya watu. Abiria wakashushwa, wakapimwa upya. Rubani akashika kichwa: mzigo ule ungeua watu. Ndege haikuruka siku ile. Nikatukanwa, nikafukuzwa palepale. Kampuni nayo haikudumu. Kwa kilo za kweli, bei ile haikuwezekana.

Jioni nikamwambia mke wangu kwa furaha kwamba Mungu amemwokoa. Akanishika mkono, akaniuliza polepole:

"Na bale bengine bote, Papa Nsimire? Bo habakukuwa bibi ya batu?"

Nililia, ndugu zangu: kweli, nao walikuwa wake za watu! Nilikuwa nimehurumia maharagwe yao, nikasahau roho zao. Jioni ile ndipo nilipookoka!

Leo napima maharagwe sokoni Mumosho, kilo za kweli, na wateja wananinung'unikia. Namshukuru Mungu aliyeishika ndege ile hewani siku zote nilizodanganya. Nawe unayeficha kitu chini ya kitenge, usiogope. Panda mizani ya Mungu jinsi ulivyo. Hatakuandikia sitini. Ataziona kilo zako zote, na hatakushusha.