Nakiru Ewoi na Sifuri ya Isiolo

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote redio hii inapowafikia. Walio Isiolo mjini, walio Burat shambani, walio Korbesa na mifugo, na ninyi ndugu zetu mlioko Nairobi mnaojifanya mmesahau kwenu, nawasalimu nyote. Mimi ni mtangazaji wenu, Abdillahi Molu. Leo tunamkumbuka mtu aliyefariki, na najua wengine wenu mmeshashika leso. Wekeni leso chini kwanza. Mama huyu hakupenda watu wa kununa.

Tunamkumbuka Mama Nakiru Ewoi. Nakiru Ewoi wa Kambi Garba, Isiolo. Ni yeye aliyewaongoza wachezaji wa Isiolo mpaka Nairobi, Septemba ya mwaka 1977, kwenye tamasha la muziki na ngoma. Nairudia kwa wanaofungua redio sasa hivi: Nakiru Ewoi, Nairobi, Septemba 1977. Na huko Nairobi, Isiolo ilipata sifuri. Sifuri kamili, wasikilizaji wapendwa. Sifuri hiyo tunaitaja kwa fahari mpaka leo, na nitawaeleza kwa nini.

Nakiru alizaliwa upande wa Kipsing, siku ya mvua. Jina lake ndilo linasema hivyo, kwa Kiturkana Nakiru ni mtoto wa mvua. Mbuzi wa baba yake walipokwisha, familia ikahamia mjini. Yeye akaolewa, akazaa, akawa anauza chai pale soko la mifugo. Chai yake ilikuwa na sukari nyingi na maneno mengi. Ukinunua kikombe, unapewa na habari za mji wote bila kuongezewa bei.

Na alicheza. Jamani, alicheza! Jioni, kazi ikiisha, Waturkana wa Kambi Garba walikutana uwanjani nyuma ya shule. Wanawake wanapiga makofi, wanaume wanaruka, shanga zinalia shingoni. Ngoma ya kupigwa kwa fimbo hawana. Miguu na mikono inatosha.

Sasa, uwanja huo huo ulikuwa na wenyewe wengine. Akina mama wa Kiborana nao walikuja kuimba hapo, wakiongozwa na Kabale Tache. Mama Kabale mnamjua, yule muuza maziwa mwenye sauti inayofika Merti bila simu. Makundi mawili, uwanja mmoja. Hawa wakiimba, wale wanapandisha sauti kuwazima. Na tuseme ukweli, miaka ile ya mwanzo wa sabini mambo ya vurugu za nyuma yalikuwa hayajapoa. Kulikuwa na watu katika mji huu wasioweza kunywa chai meza moja.

Siku moja Nakiru alichoka. Akavuka uwanja, mikono kiunoni, akaenda kumgombeza Kabale. Alipofika karibu, akausikia ule wimbo vizuri kwa mara ya kwanza. Ulikuwa wimbo wa kumsifu ng'ombe anayenyweshwa maji. Matusi yakamtoka kichwani, akaanza kupiga makofi. Nilimwendea Mama Kabale wiki hii anisimulie mwenyewe. Akasema hivi:

"Mimi nilimwambia, wewe mama, unaharibu wimbo yangu! Yeye akasema, siharibu, nasaidia. Wallahi nilitaka kumpiga na kibuyu. Lakini wale wasichana yangu walikuwa wameshafuata hiyo makofi. Nikaona nikinyamaza, wimbo itaenda na yeye. Basi nikaimba."

Hivyo ndivyo kikundi kilivyozaliwa. Hakuna aliyeunda kamati. Waborana wanaimba, Waturkana wanapiga makofi na kuruka, wote katika duara moja. Duara hilo lilizibwa kabisa, bega kwa bega, nyuso ndani, migongo nje. Nakiru alikuwa mkali juu ya jambo hilo. Ukisimama pembeni kutazama, atakuja kukuvuta mkono. "Kwetu hakuna mtu ya kutazama," alikuwa anasema. "Kama wewe si mgonjwa, ingia."

Mwaka 1977 kukawa na afisa wa utamaduni wilayani, kijana wa Kimeru aliyeitwa Salesio. Salesio aliwaona wakicheza sikukuu moja, akakimbia ofisini kuwatafutia lori. Mwezi wa tisa, alisema, Nairobi kuna tamasha kubwa, na Isiolo haijawahi kupeleka mtu. Wakapanda lori. Nanyuki baridi ikawapiga, wakajifunika maturubai. Walibeba nyirinyiri, ile nyama ya kukaangwa na kuwekwa akiba, na maziwa yao, maana Kabale hakuwa anaamini ng'ombe wa Nairobi.

Nairobi ya Septemba, wasikilizaji wapendwa, ni Nairobi nyingine. Ile baridi ya Julai imeondoka, jua limerudi, jakaranda ya kwanza kwanza inaanza kufungua maua. Wiki ile mji ulikuwa umejaa sanaa. Kila kona kulikuwa na bango. Huku wanapiga nyatiti, kule kwaya inafanya mazoezi chini ya mti, mbele ya ukumbi vijana wa bendi wamevaa suruali pana kama hema. Nakiru alisalimia kila mtu barabarani. "Ejoka! Ejoka!" Watu wanapita tu. Akamwuliza Salesio kama mji huo una ugonjwa wa masikio.

Asubuhi ya kwanza wakaingia jukwaani. Jukwaa lilikuwa la mbao. Nanok, mrukaji wao mkubwa, aliporuka mara moja na kushuka, sakafu ilijibu kama radi. Walifurahi kama watoto! Kwao wanaruka kwenye vumbi, na vumbi halijibu. Wakafunga duara lao, wakaimba, wakaruka mpaka mapazia yakatoa vumbi la miaka. Walipomaliza walikuwa wanatweta na kucheka. Walijua wamewaweza.

Jaji mkuu akaondoa miwani. Akasema, "Tumesikia vizuri. Lakini tumeona migongo tu."

Na kweli. Wacheze vipi tena? Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba ngoma ina mbele na nyuma. Jaji akawapa nafasi ya pili, kesho kutwa. Wasimame kwa mistari, wawatazame watu. Wakirudia duara, wataondolewa. Na Salesio akawaambia neno lingine kwa unyonge: Isiolo ikiondolewa safari hii, lori lingine halitapatikana.

Mnasikia shida ilipoingia? Duara halina wa mbele. Mstari unaye. Kesho yake, kwenye bweni la shule walilolala, mazoezi ya mistari yakaanza na swali moja tu. Nani atasimama mbele?

Kabale akasema ni wao, maana wimbo ni wao na wengi wao ni wafupi. Waturkana wakasema ni wao, shanga zimevaliwa zionekane. Mmoja akasema neno la kabila. Mwingine akalijibu. Vikatoka vya zamani, vya mifugo iliyochukuliwa na watu waliouawa, vitu ambavyo miaka mitatu hakuna aliyevitaja kwenye uwanja ule. Kabale akaanza kufunga mzigo wake. Salesio anazunguka katikati yao, "Mama, tafadhali! Mimi nitamwambia DC nini?"

Asubuhi ya mashindano walikunywa chai meza mbili. Waborana huku, Waturkana kule. Everline, binti yake Nakiru, alikuwa kikundini, na ameniambia kwamba hajawahi kumwona mama yake akiogopa kama asubuhi ile. "Mama hakuogopa kushindwa," Everline alisema. "Aliogopa ile meza ya pili. Alisema tukirudi Isiolo na meza mbili, basi itakuwa mbili mpaka tufe."

Nakiru akaacha kikombe chake. Akavuka akaenda meza ya Kabale. Akauliza, "Kabale, mbele ni wapi?"

Kabale hakutaka kumwangalia. "Mbele ni kwa majaji. Kwani hujui?"

"Basi twende huko kwa majaji. Sote."

Kabale akamtazama. Halafu, anasema mwenyewe, akaanza kucheka, na alipokuwa anacheka hakuweza tena kukasirika, ingawa alijaribu sana.

Mchana wakaingia ukumbini kwa mistari miwili, taratibu kabisa, kama watoto wa komunyo kanisani. Salesio akashusha pumzi. Kabale akaanzisha wimbo. Nakiru akajibu kwa makofi. Kisha mistari ikageuka, ikashuka ngazi za pembeni, ikaondoka jukwaani! Wakaenda mpaka meza ya majaji, huku mstari mmoja, huku mwingine, wakakutana nyuma ya viti. Duara likafungwa. Majaji wamo ndani, na karatasi zao, na glasi zao za maji.

Nanok akaruka mbele ya jaji mkuu, manyoya ya mbuni kichwani yakapita juu ya miwani yake. Jaji alibaki amekaa. Akajaribu kuandika. Aliyekaa haoni kitu katika duara lile, kwa hiyo akasimama. Na ukishasimama katikati ya watu wale, mikono yote inapigwa, wewe mikono yako utaipeleka wapi? Jaji mkuu akapiga makofi. Watu wa ukumbi wakapanda juu ya viti waone. Wengine wakashuka wakajiunga na duara, karani na mtalii na mwanamke mwenye mtoto mgongoni.

Jioni matokeo yakasomwa. Kikundi cha Isiolo kiliondoka jukwaani, na kanuni hairuhusu. Alama sifuri. Nawakumbusha, wasikilizaji wapendwa, sifuri. Salesio akainamisha kichwa. Lakini meza ya chai jioni ile ilikuwa moja. Walisukuma zile mbili zikagusana, na kelele zao, Everline anasema, zilimleta mlinzi.

Jumapili ya kufunga tamasha, yule jaji mkuu alikuja bwenini mwenyewe. Aliwaomba wafunge tamasha, uwanjani, kwenye nyasi, pasipo jukwaa. Waliingia na duara lao, na Nairobi ikaingia nao. Duara likapanuka, likashindwa kubeba watu, likazaliwa la pili nje yake. Nilikuwa pale, kijana mwenye kinasa sauti cha kuazima. Sikurekodi hata dakika moja, kwa sababu Mama Nakiru aliniona nimesimama pembeni, akaja akanivuta mkono. Nilifurahi siku ile kuliko siku ya arusi yangu, na mke wangu ananisikiliza sasa hivi.

Mama Kabale nilimwuliza kama iliwauma kukosa kombe. "Kombe tungeweka wapi?" akasema. "Kwangu ama kwa Nakiru? Tungegombana tena. Sifuri haina shida. Kila mtu alienda na yake."

Basi lori lilipatikana, mwaka uliofuata na miaka mingine. Kila Septemba Nairobi ilikuwa inauliza, Isiolo wamefika? Mwaka mmoja tu hawakwenda, ile themanini na nne ya ukame. Ng'ombe wa Kabale walikwisha, mbuzi wa Nakiru wakafuata, na wale mama wakasema hawana wimbo wa kumsifu mnyama ambaye mzoga wake uko mlangoni. Walipanga foleni ya mahindi pamoja. Mwaka uliofuata mvua ikanyesha, wakapanda lori.

Mama Nakiru alifariki mwezi uliopita, Agosti, nyumbani kwake Kambi Garba. Kifua kilimsumbua muda mrefu. Alizikwa hapo hapo. Everline ameniambia kwamba wiki ya mwisho hakuweza kukaa, lakini Kabale alikuja kila siku na maziwa, na kila siku waligombana, mara maziwa yana moshi mwingi, mara Kabale anaongea sana mbele ya mgonjwa. "Siku Mama alipokunywa bila kulalamika," Everline alisema, "Mama Kabale alitoka nje akalia."

Na sasa niwaambie habari ya wiki hii. Septemba ndiyo hii imefika. Lori lipo. Kikundi kinataka kiongozi. Wakakutana nyumbani kwa Mama Kabale. Wanawake wa Kiturkana wakasema kiongozi ni Kabale, hakuna mwingine. Wanawake wa Kiborana wakakataa katakata. Wakasema kiongozi ni Everline, binti wa Nakiru. Kila upande unamsukuma wa upande wa pili mbele. Walianza Jumatatu. Leo asubuhi nilipita hapo kabla ya kuja studioni, sauti zinasikika barabarani. Nilichungulia mlangoni, Mama Kabale akaniambia, "Wewe mtangazaji toka, hii si maneno ya redio." Nimeyaleta hivyo hivyo.

Kwako Everline, na ndugu zako wote, na ukoo wa Ewoi kutoka Kambi Garba mpaka Kipsing, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Kwako Mama Kabale, pole mara mbili, kwa sababu mtu wa kugombana naye namna ile hapatikani tena.

Na sisi wengine tujiulize, wasikilizaji wapendwa. Yupo mtu mliyegombania naye nafasi ya mbele, kazini, kanisani, msikitini, au kwenye boma moja. Wa kabila jingine labda, au ndugu yako wa tumbo moja. Ungeweza leo kumwambia, simama wewe? Mama Nakiru Ewoi hakupata kuyasikia maneno hayo yakisemwa na watu wake. Waliyasema Jumatatu, na wanayapigia kelele mpaka saa hii.