Pigo la Tano la Mzee Pyo

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya ya Gurye, waheshimiwa wazee wa chama chetu cha waimbaji, Mama Pyo na watoto, ndugu wageni waalikwa: hamjambo?

Nimepewa dakika tano. Kwa mtu aliyezoea kusimama mkekani na kuimba kisa kimoja saa tano nzima, huo ni uonevu, lakini nitavumilia.

Leo tunamuaga Mzee Pyo Gil-sang, anayeweka chini mkwiro wake baada ya miaka arobaini na mitatu ya kutupigia ngoma. Tuna usemi wetu: wa kwanza mpiga ngoma, wa pili mwimbaji. Tunausema sana, kisha tunabandika matangazo yenye jina langu kubwa kama ng'ombe na lake dogo kama kunguni. Nani kati yetu amewahi kuona haya?

Mwaka niliposhinda mashindano ya jimbo, gazeti liliandika kwamba mwimbaji aling'ara ila mpiga ngoma alipotea: alipiga kishindo kwenye pigo la tano, pasipo mahali pake, akapayuka "Eolssigu!", ukelele wetu wa shangwe, katikati ya maneno ya huzuni. Hakualikwa tena kwenye mashindano yale. Na ninyi mmemtania miaka kumi na tisa: "Kaka Pyo, leo usisinzie bwana!" Naye hucheka tu: "Uzee huo, ndugu zangu."

Hakusinzia. Mimi ndiye niliyesahau.

Nilifika pale kwenye kisa mama anapoagana na mwanawe, nikafungua upepeo, maneno yote yakanitoka kichwani. Yeye aliona bega langu likishtuka, basi. Akapiga, akapayuka, ukumbi mzima ukamgeukia, nami nikapata pumzi ya kukumbuka.

Garini nikamwambia, "Kaka, kesho nitawaeleza ukweli."

"We dada we! Chukua ushindi wako unyamaze. Anayetazamwa ni wewe, mimi nani ananitazama?"

Nikanyamaza. Miaka kumi na tisa! Naona aibu, na ninaisema mbele ya mkewe na watoto wake.

Naona unatikisa kichwa, kaka. Tikisa tu. Cheti cha ushindi ule hiki hapa, nimeandika jina lako juu ya langu, kwa wino, hakifutiki.

Ndugu wageni, asanteni kwa kunisikiliza. Na wewe, kaka, asante kwa kunisikiliza hata niliponyamaza.