Ulimi wa Maksai

Katika basi la kwenda Langzhong, Ruolan alijifanya amesinzia. Kiti cha mbele, mwanamke alikuwa akimweleza mzee asiyemjua kwamba anamfuata mchinjaji.

"Maksai wangu anajiburuta akikokota plau. Mganga wa mifugo kamfunua kinywa, ulimi zambarau. Kasema damu imekwama, hana dawa."

"Mapigo ya damu mkiani je, aliyashika?"

"Alirushiwa teke, akatosheka na ulimi."

Mzee alipiga miayo. "Maksai alikuwa amekula nini, mwanangu?"

"Forosadi zilizoanguka uani. Kwa kula hajambo, ila..."

"Forosadi hata mimi zingenipaka ulimi zambarau."

"Mzee wangu, usinitie matumaini. Nimechoka."

Basi likasimama. Mchinjaji alikuwa stendi, kamba begani, akampungia mwanamke mkono. Abiria wakamhimiza ashuke. Mwanamke alikuwa bado amekaa.