Cletus Lyamba na Milima Iliyopakwa Chokaa

Leo, Ijumaa tarehe 28 Juni 1996, Bwana Cletus Lyamba anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi katika Kituo cha Utafiti wa Miamba, Mpanda. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, mchora ramani ambaye meza yangu imetazamana na yake tangu nianze kazi hapa, niandike wasifu wake kwa ajili ya ratiba hii. Wamesema niandike kitu cha kuchangamsha wageni. Nitawachangamsha kadiri nitakavyoweza, lakini nimekasirika, na sioni kwa nini nifiche.

Bwana Lyamba alizaliwa Majimoto katika familia ya wakulima wa mpunga. Alisoma shule ya misheni, akapelekwa kusomea jiolojia, akarudi na cheti, nyundo na tabia ya kumwambia mtu amekosea kabla salamu hazijaisha. Wanaomsifu leo kwa upole wamemchanganya na mtu mwingine. Katika miaka yote hiyo sijamwona akiomba radhi kwa kuwa sahihi, na pale alipokosea alichukua muda mrefu sana kukubali.

Mfano ni harusi ya binti yake. Alipopewa nafasi ya kutoa nasaha, akaelekeza kidole kwenye keki na kuanza kuwaeleza maharusi kwamba katika milima ya magharibi, tabaka la chini ndilo lililotangulia na la juu ndilo changa, na ndoa nayo hujengwa hivyo hivyo. Mama Lusia, aliyeoka keki hiyo, akasema kutoka kwenye kiti chake kwamba ile ndogo ya juu ndiyo aliyoioka kwanza, kwa sababu sufuria kubwa ilikuwa imeazimwa. Ukumbi ulicheka mpaka mshereheshaji akashindwa kuendelea. Bwana Lyamba mpaka leo anadai keki ile haikufuata utaratibu.

Kazi yake ndiyo hiyo hiyo ya keki, ila kwa mawe. Milima iliyo kati yetu na Ziwa Tanganyika ina matabaka ya mawe ya mchanga mwekundu, mawe ya tope lililokauka na, hapa na pale, ukanda mwembamba wa mawe ya chokaa. Kila tabaka ni mto uliowahi kupita, au bwawa lililowahi kukauka. Yeye alitembea milima hiyo kwa miguu, mbung'o wakimnywa damu, akisoma lipi liko juu ya lipi. Wanakijiji walipomwona anavunja mawe waliamini anatafuta dhahabu, na kila alipoondoka walichimba alipogonga. Siku moja akawaitisha mkutano akawaeleza kwa kirefu habari za mchanga na tope. Walimsikiliza kwa adabu zote, wakamshukuru, kisha wakamwomba sasa awaambie dhahabu iko wapi.

Jambo alilolijali kuliko yote lilikuwa miche. Mwaka 1978 ililetwa mashine ya kuchoronga, ikatoboa mlima ulio juu ya Kasekese kutoka kileleni kwenda chini na kutoa mwamba katika vipande virefu vya mviringo. Sisi tunaviita miche, kama ile ya sabuni ya kufulia. Kila mche aliuandika kwa rangi nyekundu kina ulikotoka na kuuchora mshale unaoonyesha juu ni wapi, halafu akaulaza kwenye sanduku la mbao kwa mpangilio wake. Mlima mzima ukaingia katika stoo yetu. Mashine iliondoka na haijarudi tena, kwa hiyo ukiiharibu miche ile hakuna mahali pa kwenda kuchukua mingine.

Agosti 1993 Bwana Lyamba aliteleza mlimani akavunjika mguu. Tulimpandisha treni kwenda Tabora kwa matibabu, na kabla hajaondoka alimkabidhi Mkuu wa Kituo wa wakati huo ufunguo wa stoo, mkononi, sisi wote tukiona. Naomba wasomaji wakumbuke habari ya ufunguo huo.

Mwezi uliofuata tukaambiwa mgeni rasmi anakuja. Nani asiyejua ofisi zetu zinavyokuwa mgeni rasmi akitajwa? Nyasi zikafyekwa, miti ikapakwa chokaa kiunoni, mapazia yakafuliwa. Yakabaki mawe ya kupanga kando ya njia kutoka getini hadi mlango wa mbele. Mkuu akayaona mawe yaliyookotwa mtoni, akasema hayana umbo. Akafungua stoo.

Mtunza bustani wetu, Doto, alipewa miche na ndoo ya chokaa. Prisila wa masjala alimwambia Mkuu kwamba yale ni mawe ya kazi ya Mzee Lyamba. Mkuu akamjibu kwamba kituo hiki kimejaa mawe na Mzee Lyamba hana hakimiliki nayo. Mimi nilikuwa likizo kwetu Kasokola; niliporudi nikakuta njia nyeupe, imenyooka, inapendeza kabisa. Niliitembea mpaka mwisho kabla sijaelewa natembea katikati ya nini.

Mgeni rasmi mwenyewe hakufika. Barabara ilimshinda huko alikokuwa, akageuza.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mpaka leo linanikosesha raha ya kula. Wakati huo huo kulikuwa na mpango wa kuchimba kisima kirefu kwa ajili ya vijiji vya chini ya mlima ule, ambako kila kiangazi kinamama huamka alfajiri kufukua mchanga wa mto mkavu wapate maji. Makao makuu yalitaka kujua kama chini kule kuna tabaka nene la mawe ya mchanga, kwa kuwa ndilo linalohifadhi maji. Desemba wakamtuma mkaguzi kuja kuiangalia miche. Taarifa ya safari yake ilipopokelewa, Mkuu aliamuru mawe yang'olewe njiani, yasuguliwe kwa brashi ya waya na kurudishwa masandukuni bila mpangilio. Brashi iliondoa maandishi mekundu yote. Chokaa ilibaki kwenye kila mwanya na kila mkwaruzo.

Mkaguzi alifanya kama wanavyofanya wote, aliidondoshea miche asidi. Jiwe la chokaa likiguswa na asidi hutoa povu, jiwe la mchanga linanyamaza. Yale yalitoa povu yote, sanduku baada ya sanduku. Alikuwa na treni ya kuwahi, na Mkuu alisimama ubavuni mwake akiliangalia povu lile, akijua limetoka kwenye ndoo gani, na hakufungua mdomo wake. Ripoti ikaandikwa kwamba mlima wa Kasekese ni chokaa tangu juu hadi chini na hapafai kwa kisima. Mpango ukaahirishwa. Watu walinyimwa maji kwa sababu mtu mmoja aliona aibu kusema tulipanga miche kando ya njia.

Bwana Lyamba alirudi Januari, anatembelea fimbo. Hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumpokea na habari hiyo, basi tukamwacha aende stoo mwenyewe. Doto ndiye aliyemfuata. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akasema, "Mzee, mie niliambiwa nipange, nikapanga. Yale marefu nikayaweka getini. Ila hakuna nililolivunja."

Sote tulikaa tukingoja Doto atukanwe. Bwana Lyamba alichukua nyundo, akamega kipande kidogo kwenye ncha ya mche mmoja, na ndani yake ukatokea wekundu ule ule wa mchanga wa mlimani. Akatoka nao hadi ofisi ya Mkuu, nasi nyuma yake, akauweka juu ya meza.

"Nyie mmeichukua mvua ya juzi mkaiweka chini ya mvua ya enzi za kale," alisema. "Halafu mkaipaka chokaa ili mgeni afurahi. Na mgeni hakuja."

Mkuu alimwambia aandike malalamiko kwa njia ya kawaida. Aliyaandika. Majibu kutoka makao makuu yalikuwa barua ya onyo kwa Bwana Lyamba mwenyewe, kwa uzembe wa kutotunza sampuli za serikali, kwani Mkuu alikuwa ameshaeleza kwamba stoo iliachwa bila makabidhiano. Nimesema mkumbuke ule ufunguo. Mimi na Prisila tulikwenda kwa Mkuu kumweleza tulichokiona kwa macho yetu. Akatuuliza kama tumechoka kufanya kazi Mpanda, maana kuna vituo vya mbali zaidi. Tukaandika hata hivyo, tukatia sahihi zetu, na barua yetu haikujibiwa.

Mtu mwingine angehesabu miaka iliyobaki na kukaa kimya. Yeye, akiwa na onyo ndani ya faili na chuma ndani ya mguu, aliamua kuupanga mlima upya. Mche unapokatika, ncha zake zinaingiana na za jirani yake tu, kama vigae vya chungu kimoja. Na jiwe lenyewe linasema juu ni wapi ukilitazama vizuri: tope lililokauka hupasuka kuanzia juu, na mchanga mkubwa hutangulia kutua kabla ya ule laini. Kwa muda wote wa mwaka 1994, Jumamosi na jioni, alikaa stoo akijaribu ncha kwa ncha. Mimi nilichora safu ya matabaka kadiri alivyoipata, na tuligombana karibu kila wiki, kwa sababu alitaka mistari iliyonyooka na mlima wenyewe haukunyooka.

Aliyembebea miche ile kutoka sanduku hadi sanduku alikuwa Doto. Hakuagizwa na mtu. Mwanzoni walifanya kazi bila kusemezana. Baadaye nikawa nawasikia wanabishana kama ncha hii ni ya huyu au ya yule, na mara nyingine Doto ndiye aliyeshinda. Bwana Lyamba alikasirika kila aliposhindwa, hiyo lazima niiseme.

Mwanzoni mwa 1995 tulituma safu mpya pamoja na vipande vilivyomegwa vikaonyesha moyo wa jiwe. Mkaguzi yule yule, na hapa nampa haki yake, alirudi kwa nauli yake, akamega mwenyewe, akadondosha asidi kwenye jiwe bichi na likanyamaza. Aliandika kwamba ripoti yake ya kwanza ifutwe. Kiangazi hicho kisima kilichimbwa Kasekese, na maji yakapatikana ndani ya tabaka la mchanga, pale pale safu iliposema. Bwana Lyamba alikwenda kuyaonja. Alisema yana ladha ya chuma kidogo, lakini alikunywa kikombe kizima.

Makao makuu yalileta pongezi kwa Mkuu wa Kituo kwa usimamizi bora wa sampuli. Soma tena sentensi hiyo kama hukuamini. Muda mfupi baadaye Mkuu huyo akapandishwa cheo na kuhamia kwenye ofisi kubwa zaidi, na nasikia njia ya ofisi hiyo ina mawe mazuri. Onyo la Bwana Lyamba liko kwenye faili lake hadi asubuhi ya leo. Mkuu wetu mpya, ambaye ni mtu mwema na hakuhusika, ameahidi kulishughulikia. Ninamwomba mbele ya wageni wote hawa asilishughulikie, bali alichane.

Kamati ilimuuliza Bwana Lyamba angependa zawadi gani. Walifikiria saa ya ukutani au baiskeli. Akasema mguu wake haupandi baiskeli na saa anayo. Alichoomba ni kwamba ufunguo wa stoo akabidhiwe Doto, kwa maandishi, mchana, watu wakiona. Umekabidhiwa Jumatatu iliyopita.

Jumatano yake, kama ilivyo desturi yetu isiyokufa, wanakamati walikuja na ndoo ya chokaa kupamba njia kwa ajili ya sherehe hii ya leo. Walikuta mawe hayatoshi. Nilikuwa dirishani nikawaona wanaelekea stoo, na nilikuwa nimeshaanza kuinuka. Sikuhitaji. Doto alikuwa ameketi mlangoni, ufunguo umening'inia shingoni, na alipoulizwa kama humo ndani hamna mawe mawili matatu ya kumalizia kingo, hakusimama hata kidogo.

"Humu hamna mawe," alisema. "Nendeni mtoni."

Ndiyo maana wageni wetu mtaona kwamba njia mliyoipita ina mawe mpaka katikati tu, kisha inaendelea bila kitu hadi mlangoni. Msidhani tumeishiwa nguvu. Naomba mtakapotoka mpite hapo taratibu.

Bwana Lyamba, kwa niaba ya wenzako wa stoo, masjala na chumba cha ramani, na kwa niaba ya kinamama wa Kasekese ambao hawakualikwa kwa kuwa hakuna aliyewakumbuka, tunakushukuru. Nenda Majimoto ukalime mpunga wako, ugombane na majirani wapya, na afya iwe nawe na mkeo, Mama Pelagia, siku zote. Mlima wako tumeuacha kama ulivyoupanga, chini iko chini na juu iko juu.

Imakulata, Chumba cha Ramani