Siku Nilipotangaza Kwamba Kazungu Amelala

Jina la Bwana lisifiwe, ndugu zangu! Mkiitikia kwa unyonge nitarudia. Mimi ni mtu wa uwanjani.

Miaka ile ya vita, hapa Changamwe, mimi Charo ndiye niliyekuwa mtangazaji wa mpira. Nilisimama juu ya pipa, bomba la bati mdomoni, nikiwatangazia walio nje ya ua wa makuti. Wao hawakuuona mchezo, waliona nilichosema. Ukipoa, niliutia chumvi. Shuti moja niliwauzia kama matatu! Nje pale alikaa mama yetu, kipofu, akimfuata mdogo wangu Kazungu, golikipa, kwa kinywa changu.

Jumamosi moja Kazungu aliurukia mpira, akapigwa goti la kichwa, akaanguka. Nilimwona. Lakini watu walinyamaza, na kimya cha watu sikukiweza. Nikapaza: "Golikipa amelala! Mleteeni mto!"

Kicheko! Hata wachezaji wakamwita, "Amka, shemeji, kumekucha!" Nami nikaongeza, "Na shuka!"

Walipokwenda kumwinua, damu ilikuwa ikimtoka sikioni. Hakufika hospitali.

Ndugu zangu, mimi nimezoea kupatana bei, nikajaribu na kwa Mungu. Nitaacha tembo la mnazi, nirudishie usingizi. Kimya. Nikaongeza tumbaku. Kimya! Miezi mitatu, nimeihesabu mara mbili, mama hakuniuliza neno, nami nilikuwa nikila nikimpa kisogo, kana kwamba anaona.

Asubuhi moja akaniita. "Charo, nitangazie."

"Nini, mama?"

"Mchezo ule. Tangu alipoanguka. Na chumvi yako iache jikoni."

Nikamtangazia, bila bomba. Nikamwambia niliona ameumia, nikachagua kicheko.

Mama akasema, "Nami nilicheka, mwanangu. Nilicheka na watu."

Tukapiga magoti sote wawili, tukalia mbele za Bwana mpaka kanga yake ikalowa. Hapo ndipo Bwana aliponifungua! Kazungu hakurudi, na Jumamosi bado zinaniuma. Lakini siku ile nililala.

Namshukuru Mungu. Nawe uliyeketi hapo na jambo ulilolitia chumvi, mwambie Yesu lilivyokuwa. Usimpunguzie, usimwongezee, bei alikwisha kuilipa yeye.

Mama yangu yuko benchi la mbele. Kama nimezidisha neno hata moja, muulizeni.