Viwavi wa Juru

Lori la mahindi lilikuwa limeshaiacha kambi ya Juru, likielekea Mbarara, Eugénie alipofungua fundo la kitenge akatoa chupa ya viwavi hai. Hakutulia juu ya gunia. Kila mara aliitikisa.

"Nilibapulizia dawa, habakufa," alimwambia mzee wa Nyamitanga aliyepakata kapu la miche ya kabichi. "Muuzaji wa Mbarara anatutiliaka maji mu dawa. Leo atabaona na macho yake."

Mzee huyo, Edirisa, akachungulia. "Mama, usimwonee. Dawa iliua wale dhaifu. Wenye nguvu wakabaki, wakazaa wenye nguvu. Mnapiga dawa gani?"

"Ileile, miaka yote. Kanisa nzima tunapuliziaka siku moja, kusudi kadudu kasikimbilie kwa jirani."

"Ha! Basi mmewachagulia wazazi! Badilisheni dawa."

"Na wewe muzee, unauzaka hiyo ingine?"

Lori zima likacheka. Eugénie hakucheka. Kabichi zake nyingi zilibaki mishipa mitupu, na ndizo alizotegemea kulisha watoto mpaka maharage yaive.

Pale Ruti, karibu kuingia Mbarara, lori likaruka shimo, kizibo kikafyatuka, viwavi wakamwagika kapuni.

"Watoe hao mashahidi wako!" Edirisa akafoka. Wakawaokota wakibishana hadi lori liliposimama.

Muuzaji alikana kutia maji, akamwonyesha dawa nyingine. Eugénie hakumwamini, alirudi Juru na ileile, akaizidisha, na kabichi zilizosalia zikaliwa zote. Edirisa alipanda miche yake Nyamitanga. Viwavi ambao hawakuonekana kapuni wakawa vipepeo, wakataga mayai kwenye kabichi zake.