Meza Inamngoja Iomhar

Kwetu kisiwani Lewis, mtu huweza kuzeekea kanisani bila kuthubutu kushiriki Meza ya Bwana, ambayo huandaliwa kwa misimu, mara mbili tu kwa mwaka. Mzee Iomhar ni mmoja wao. Kwenye basi la kwenda ibada ya maandalizi, jirani yake Bi Murdina alimbana. “Kesho utashiriki?”

“Labda msimu ujao, dada. Bado sistahili.”

“Kaka yako naye alisema hivyohivyo. Msimu ulipofika, tulikuwa tumeshamzika. Maonyo ya Biblia ni ya walio hai, Iomhar.”

“Nikitubu kwa kuogopa jeneza, hiyo ni toba au woga?”

Bi Murdina akafungua Biblia yake, akaanza kutafuta mstari wa kumjibu.

Basi likasimama kanisani. Mzee akainuka, akasita, akakaa tena. “Nitashuka kituo kijacho,” akamwambia dereva.

Kituo kijacho ni makaburini.